Stesheni Iliyooshwa kwa Sabuni

Mume wangu anaitwa Masta hata na wajukuu, kwa sababu alikuwa stesheni masta mpaka alipostaafu, na kustaafu kwenyewe amekataa. Stesheni yake ilivunjwa, reli ikang'olewa, basi yeye akaihamishia sebuleni kwangu. Imekaa juu ya meza ya kulia chakula, na treni yake ndogo inaizunguka. Sisi tunakula tumepakata sahani kama abiria.

Nisimseme sana, kazi anaijua. Kuta ni maboksi ya viatu. Mabati ya paa ni mirija ya dawa ya meno: anaipasua, anaitandaza juu ya kitana, anaisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ipate mikunjo. Vioo vya madirisha vimetoka kwenye chupa za maji. Mtu mzima wa pale urefu wake ni ukucha wangu wa kidole gumba, na ana kofia.

Lakini kujenga, anasema, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuchakaza. Stesheni inayong'aa kama keki si stesheni. Basi miezi na miezi alikuwa akiipaka uchafu kwa brashi yenye nywele chache kuliko kichwa chake. Masizi ya sufuria juu ya mlango wa ghala, pale vichwa vya treni vilipokuwa vikisimama kupumua. Kutu ya misumari iliyolowekwa kwenye siki, chini ya tangi la maji. Chai ya rangi ukutani, pale abiria wa daraja la tatu walipokuwa wakiegemeza mabega. Kila doa alilikumbuka lilipokaa.

Ndipo tukapata habari kwamba Breki anakuja. Breki alikuwa dereva wa treni, na ndiye pekee aliyebaki wa kuitazama ile meza na kusema, "Ndipo penyewe." Masta hakutaka kingine duniani.

Sasa, mke wa mwanangu wa mwisho alikuwa bado mgeni kwetu. Namwita bibi harusi mpaka leo. Mumewe alikuwa safarini kikazi, akatuachia binti wa watu, mpole, kila kitu "Ndiyo, Mama." Siku moja kabla ya Breki kufika akaniuliza, "Mama, nikimaliza kudeki nifanye nini?"

Nilikuwa nachagua mchele. Mdomo ukaniwasha. Nikamwambia, uso mkavu kama hakimu, "Na pale stesheni napo upafute, mwanangu. Masizi yale yanamkera baba yako, ila anaona haya kukwambia."

"Kwa maji?"

"Kwa maji na sabuni."

Watu wa nyumba hii wananijua kwa utani. Mwanangu angenijibu, "Mama, hebu niondokee hapa." Nikaenda zangu kwa fundi cherehani kuchukua gauni, nacheka njia nzima.

Niliporudi, stesheni ilikuwa inametameta. Mabati yalimulika kama meno ya dhahabu. Kuta zilikuwa zimevimba kidogo kwa maji. Bibi harusi amesimama na sponji, jasho puani, furaha usoni. "Mama, ilikuwa chafu! Tazama beseni, maji meusi ti!"

Nikafungua mdomo nimweleze, na hapo hapo Masta akaingia na chupa yake ya gundi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliinama, akapitisha kidole juu ya mlango wa ghala, akakitazama kile kidole. Kisafi.

"Nani?"

"Mimi, Baba," akasema bibi harusi. Kisha akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi, kama mtu anavyokusogezea kiti ukae.

Na mimi na mvi zangu hizi nikasema nini? Nikasema, "Watoto wa siku hizi, Masta. Hawaulizi."

Yule binti akateremsha macho. Akakamua sponji ndani ya beseni, polepole, mpaka tone la mwisho. Hakunitaja. "Nisamehe, Baba," akasema, akaingia chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Alipotoka alikuwa amevaa viatu: ataenda kwa shangazi yake mpaka mgeni aondoke, asije akamwaibisha Baba zaidi.

Gauni jipya lilikuwa bado mkononi mwangu. Mkono wa binti ulipogusa kitasa cha mlango, ndipo nikaweza kusema.

"Weka begi chini." Sauti ilitoka kama ya kuku. "Masta, ni mimi niliyemtuma. Nilikuwa natania."

"Najua."

"Unajua?"

"Huyu hata kijiko haoshi bila kukuuliza. Leo aoshe stesheni nzima kwa akili yake?" Hakunitazama. "Nilikuwa nangoja nione utamwacha afike wapi na hilo begi."

Ningeingia chini ya meza, ila chini ya meza nako amejaza maboksi.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

"Ndiyo, Mama." Ile ile ya kila siku. Siku hiyo ilinichoma.

Masta akavuta kiti. "Bibi harusi, lete sufuria lenye masizi kuliko yote. Njoo ushike brashi, nikuonyeshe. Na wewe," kidole kwangu, "kwangua." Nikakwangua mpaka kucha zikawa za fundi makenika. Giza lilipoingia tulikuwa tumefika nusu ya stesheni tu.

Breki alikuja na fimbo na miwani mizito. Aliinama penye ghala, akasogeza miwani puani. "Ndipo penyewe," akasema taratibu. Masta akageukia dirishani, akapenga kamasi.

"Lakini huku, shemeji," Breki akanigeukia, "mbona kunang'aa kama kunangoja posa? Na huyu bibi mwenye ndoo ni nani? Simkumbuki."

Nikachungulia. Pale masizi yalipoishia na usafi ulipoanzia, alisimama kibibi wa njiti ya kiberiti, kitambaa kichwani, na ndoo ya kifuniko cha kalamu. Masta alimchonga saa ngapi, sijui.

"Muulize mwenye nyumba," Masta akasema, akapuliza chai yake.

Nikasimulia. Yote, na lile la "hawaulizi" ndani yake, maana bibi harusi alikuwa amesimama pale na birika, na ningeliruka angejua. Breki alicheka akashika meza. Bibi harusi hakucheka. Alinimiminia chai mimi wa mwisho.

Kibibi yupo mpaka leo, pale pale alipowekwa. Kila nikipita namgeuza aangalie ukuta. Kila asubuhi namkuta amegeuzwa, anatazamana na watu. Masta simshuku, usiku kucha anakoroma kando yangu.

Jana nilimkuta bibi harusi na kitambaa cha vumbi, karibu kabisa na hapo.

"Mama," akaniuliza, uso mkavu kama hakimu, "na hapa napo nipafute?"

Nikashika njia ya jikoni.