Chaki Mikononi mwa Mama Ruthu

Bartolomayo aliamini macho yake kuliko kiapo cha mtu yeyote. Miaka yote ya ubwana mifugo alikagua ng'ombe mnadani, na mwenye ng'ombe hata aape vipi, yeye huinama akatazama kwato kwanza. Sasa amestaafu, ng'ombe wa kukagua hana, basi ukaguzi akauhamishia kwa mkewe.

Alianza na viganja. Mkewe, Anyesi, alipomnawisha mikono, aliona sugu chini ya kila kidole. Siku nyingine akaona michubuko kwenye miundi, miguu yote miwili. Kisha vumbi jeupe kwenye upindo wa kanga. Na njaa nayo! Mwanamke aliyekuwa akidonoa chakula kama kifaranga sasa alikata matonge ya mtu aliyetoka kuchimba msingi.

"Umetoka wapi, mama Ruthu?"

"Mazoezini, baba Ruthu."

"Mazoezi gani?"

"Si ya mwili tu? Kila siku redioni wanatuhimiza."

Bartolomayo akaguna. Mazoezi aliyoyajua yeye ni ya wale wanaokimbia asubuhi barabara za Area D na chupa za maji mkononi, na hayo hayamwoteshi mtu sugu. Siku alipomwona mkewe akiinua kiroba cha unga ndipo alipopata jibu. Anyesi hakuinama kama watu. Alichuchumaa, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, akasimama nacho. Hivyo ndivyo wanavyonyanyua makuli! Na lile vumbi lilikuwa saruji, nini kingine? Mkewe alikuwa anabeba zege.

Dodoma nzima inajengwa siku hizi, na akina mama wanaobeba zege wamejaa tele. Lakini mke wa bwana mifugo! Majirani wangesema mzee ameshindwa kulisha nyumba yake. Tena kulikuwa na mgonjwa ndani. Bibi Emiliana, mama yake Anyesi, alipooza upande mmoja wakamleta kutoka Kongwa, ingawa mwanawe Elieza alitaka abaki kwake. Anyesi ndiye aliyeapa kwamba atamtunza kwa mikono yake mwenyewe. Sasa asubuhi humwacha na Priska, jirani mwenye kucheka hovyo, ambaye akiulizwa Anyesi yuko wapi huzidi kucheka.

"Nikimkamata tu," Bartolomayo alijisemea, "nampigia Elieza simu aje amchukue mama yake."

Yeye mwenyewe asingeweza kumtunza. Kwao mkwe haingii chumba cha mama mkwe, hamtazami usoni, wala hamgusi. Hata salamu hupitia kwa mtu wa tatu.

Asubuhi moja akamfuata. Anyesi hakuelekea kwenye jengo lolote. Alikata kichochoro, akaingia ua uliozungushiwa mabati nyuma ya karakana ya kuchomelea. Bartolomayo akabana jicho kwenye tundu la bati.

Ndani kulikuwa na vijana, na chini kulikuwa na chuma kirefu chenye sahani nzito kila ncha. Anyesi alijipaka chaki viganjani, akasimama mbele ya chuma, akakishika.

"Kikae karibu na mguu, mama," alisema kijana wa kando yake. "Kifua juu. Usivute kwa mgongo, kanyaga ardhi usimame."

Chuma kikapanda kikimkwaruza miundi. Akasimama nacho wima, akakirudisha chini. Kisha akakinyanyua tena, akakirudisha palepale. Hakuna aliyekuja kukipokea.

Bartolomayo alishindwa kuvumilia. Zege angalau linafika ghorofani! Akausukuma mlango wa bati.

"Kumbe unabeba chuma cha watu, na hakiendi popote!"

Vijana wakaangua kicheko. Yule kijana aliyekuwa akimwelekeza, mwalimu wao Abdulnasiri, akawanyamazisha. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho kinapelekwa wapi?"

"Hakipelekwi, mzee. Mama anajifunza kunyanyua. Alianza na mpini wa fagio, akaja kwenye chuma kitupu, na sasa tunamwongezea kidogo kidogo."

"Mpaka afike wapi?"

Abdulnasiri akamtazama Anyesi. Anyesi alikuwa anapangusa chaki kwenye kanga.

"Mpaka nifike uzito wa mama," alisema.

Akamgeukia mumewe.

"Siku ile kiti cha magurudumu kilipoteleza, mama akaanguka, nilimvuta nikashindwa. Nikakuita. Ulikuja ukasimama mlangoni umegeuza uso, unaita 'Priska! Priska!' Na Priska yuko mashineni anasaga. Mama alilala sakafuni mpaka Priska aliporudi."

"Mwiko huo sikuuweka mimi, mama Ruthu."

"Najua. Sikulaumu. Nilikuja kutafuta nguvu zangu mwenyewe."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ungempigia Elieza ukamwambia nimeshindwa."

Bartolomayo akagusa mfuko wake. Simu ilikuwamo, na namba ya Elieza alikuwa ameshaitafuta njiani. Aliona haya, haya ya kweli, mbele ya watoto wa watu.

Waliongozana kurudi nyumbani. Priska alipowaona pamoja hakucheka. Aliaga akaenda zake. Ulikuwa wakati wa kumtoa Bibi kitandani akaote jua, na kiti kilikuwa kilekile, breki yake moja imekufa. Anyesi akaingia. Bartolomayo akabaki mlangoni, palepale aliposimama siku ile.

Kisha akageuka. Akaingia kinyumenyume, hatua kwa hatua, uso ameuelekeza ukutani, mikono ameipeleka nyuma ikipapasa hewa mpaka ikagusa vishikio vya kiti. Akavikamata, akakaza visigino kwenye magurudumu.

"Kifua juu," Anyesi akajiambia taratibu nyuma yake.

Akavuta pumzi. Kitanda kikalia. Uzito ukatua kitini, kiti kikamsukuma Bartolomayo visiginoni, naye akakisukuma. Hakikwenda popote.

Sauti ya Bibi Emiliana ilitoka nzito, upande mmoja wa mdomo.

"Anyesi. Mwambie mkwe wangu, leo kiti kimetulia."

"Baba Ruthu, mama anasema leo kiti kimetulia."

Bartolomayo alikuwa ameshasikia. Akautazama ukuta.

"Mwambie mama," alisema, "mkwe wake alichelewa."