Mahindi Yaliyoota kwenye Foleni

Magunia thelathini na mawili ya Benigna yalishushwa nje ya lango la kituo cha kununulia mahindi, pembeni mwa mji wa Songea, Jumanne ya pili ya Agosti. Karani aliyaandika namba 417 kwa wino mzito, akamwambia asiende mbali. Benigna alikuwa mjane kutoka Madaba mwenye binti mmoja, Recho, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kilimtaka aripoti kabla Oktoba haijaisha, na ada yake yote ilikuwa ndani ya yale magunia.

Foleni haikusogea. Fedha za kununulia, walisema, zilikuwa njiani. Walanguzi walipita wakitaja bei isiyorudisha hata gharama ya mbolea, na wiki iliyofuata waliishusha tena, bila aibu.

Aliyewachangamsha watu ni Edmund, mpimaji wa unyevu wa mahindi, kijana wa Kihehe aliyehamishiwa kutoka Iringa. Wangoni na Wahehe ni watani, kwa hiyo hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Kila asubuhi alimwamkia Benigna shikamoo kwa adabu zote, kisha akaanza.

"Nyie Wangoni zamani mlikuwa mnapora. Leo mnapanga foleni kama watu!"

"Na nyie mlikuwa na mikuki, leo mmepewa kijiti cha kuchomea magunia. Haya, pima."

"Nipime nini, mtani? Hela yenyewe hakuna."

Foleni nzima ilicheka. Kicheko kama hicho kiliwafikisha saa sita mchana. Baada ya hapo kila mtu alibaki na yake.

Katikati ya Septemba magunia yaliota. Machipukizi yalitoboa viroba, mizizi ikashika kwenye changarawe, na kufikia Jumapili foleni ilikuwa ya kijani kutoka langoni hadi kwenye lami. Mvua ilikuwa bado. Mlinzi alikuja, akaangalia, akawakumbusha kwamba mistari isizidi upana wa gunia. Mzee Otto wa Namtumbo, namba 418, aliagiza jembe nyumbani. Benigna alipalilia mara mbili, na viwavijeshi walipoingia akawamwagia majivu.

Recho alikuwa akitoka kwa shangazi yake, mtaa wa Mfaranyaki, kumletea ugali na dagaa. Barua ya chuo aliibeba kwenye mfuko wa plastiki isichafuke. Siku ya mwisho ya kuripoti walikaa wote wawili katikati ya mahindi yaliyoanza kubeba, wakala. Iliuma. Benigna alitaka kulia, lakini Edmund akapita muda huohuo akiuliza kama shemeji zake wa Kingoni wanauza kivuli, ikabidi acheke kwanza.

Baadhi ya watu walitaka kuchoma mahindi mabichi. Mlinzi alikataa, kwa kuwa mahindi yale yalikwisha kuandikishwa.

Fedha zilifika Desemba, mvua ikinyesha kila mchana. Lango likafunguliwa. Zamu ya Benigna ilipofika, alivuna, akamenya, akapukuchua, akasogeza mbele. Edmund alichoma kijiti, akasubiri, akasoma. Kilichotakiwa ni asilimia kumi na tatu na nusu. Kipimo kilisema thelathini na moja.

"Mama, unyevu umezidi."

"Nitayaanika wapi, mwanangu, na mvua hii?"

"Sijui, mama. Mimi napima tu."

"Basi nitanie kidogo. Leo hujanitania."

Edmund alikifuta kijiti kwa kiganja. "Humu ndani," alisema, "hata samaki wa Ziwa Nyasa wangezaliana."

Benigna alicheka hadi akashika mzani asianguke. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke yote, kwa sababu yalikuwa yamepata kisingizio. Edmund aliandika namba mpya, 1,206, akamwonyesha foleni inapoishia, ng'ambo ya kalavati.

Recho alikuwa amekwisha kufika huko. Alikuwa amevua viatu na kuvipanga kando, amekwisha kuchora mstari kwa jembe kwenye changarawe, na alikuwa akichagua punje nzuri kuzitia kwenye ule mfuko wa plastiki. Habari za chuo hakuuliza.

"Mama, shimo moja tutie punje moja au mbili?"

"Mbili," Benigna alisema. "Hapa tutakaa."