Moto wa Ng'ombe Waliokufa

Ng'ombe wetu wote walikuwa wamekufa, na bado nilikuwa nikipikia moto wao.

Walikuwa thelathini na mmoja. Tuliwaswaga kutoka Shinyanga mpaka hapa Zombo, tukawavusha mito sijui mingapi, wakaja kuuawa na ndorobo wa pori la Mikumi, inzi tu. Zamani bwana mifugo alikuja na sindano yake, na josho lilikuwa na dawa. Likaja hilo soko huria lao. Bwana mifugo akapunguzwa kazini, josho likaishiwa, dawa ikawa inauzwa mnadani pamoja na mitumba na vikombe. Mume wangu Budeba aliinunua huko, akawachoma ng'ombe sindano mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mkono wake. Kumbe ilikuwa maji. Krismasi haijafika, tukawa tumewazika wote kwenye handaki nyuma ya nyumba.

Kilichobaki ni mtambo wa gesi. Watu wa mradi walitujengea mwaka mmoja kabla: shimo la saruji chini ya ardhi. Unatia kinyesi na maji kwenye mdomo wa mbele, gesi inakuja jikoni kwa bomba, na tope lililokwisha kazi linatokea mdomo wa nyuma, ndiyo mbolea ya shamba. Cosmas, fundi wa mradi, alikuja kutupa pole.

"Shikamoo mzee," akasema. "Gesi iliyobaki ni ya wiki mbili, zikizidi sana tatu."

Budeba hakuitikia hata ile shikamoo. Mtu wa kwetu kuiacha shikamoo ya mgeni hewani si jambo dogo. Cosmas alipoondoka akaniambia, "Mama Laurent, moto huu ukizima, na mimi nimekwisha."

Nilimjua, hasemi ovyo. Kamba ya shingoni ya Mahari, ng'ombe tuliyeletewa binti yetu alipoolewa, alikuwa ameitundika juu ya kitanda. Niliificha mara mbili, na mara mbili akairudisha bila kuniuliza neno.

Kila jioni aliwasha jiko kabla sijachekecha unga, akakaa mbele yake. Bomba liliguguma, maji yakicheza ndani.

"Sabuni anacheua," anasema, kama kwamba ng'ombe yule yumo humo bombani. "Huyo sasa ni Mahari."

Nasonga ugali huku mwili umenisisimka. Lakini nilisonga. Njaa haiogopi mizimu.

Basi nikaanza uongo. Kila asubuhi Budeba alikwenda kukaa kwenye josho tupu, kama mtu anayengoja zamu yake. Akishatoka tu, mimi na ndoo zangu kwa Shigela, Msukuma mwenzetu ng'ambo ya reli, ambaye ng'ombe wake walikuwa hai bado. Mkewe, Jenipher, alinijazia kinyesi ndoo mbili. Alinitania kidogo tu: "Wenzako wanakuja kuomba maziwa." Nikirudi nakoroga, natia mdomo wa mbele, nanawa mikono kwa majivu mpaka harufu iishe. Wiki tatu zikapita, ikapita miezi minne, moto unawaka.

Kitu kimoja kilinitisha. Jioni nikitoka kisimani nilisikia ndoo ikigonga nyuma ya nyumba, kule kwenye handaki. Mguu wangu haukuwa umekanyaga huko tangu tuwazike. Nilijua ni wao, wamekuja kutaka kukamuliwa. Mimi Mkatoliki, niliyebatizwa ukubwani kwa akili zangu timamu, nilipita mbio nimeinamisha kichwa.

Kisha Shigela akahama. Ndorobo walishamfikia na yeye. Jenipher aliniaga njiani, akanishika mikono yote miwili. "Sasa mwambie," akasema.

Sikumwambia. Siku tatu sikutia kitu. Moto ukashuka ukawa kidole cha bluu.

Siku ya nne nilirudi kutoka sokoni nikakuta juu ya kitanda msumari mtupu. Kamba haipo. Nilikimbia joshoni, hayupo. Nikarudi nikimwita Budeba, jina lake lenyewe, kitu ambacho sikuwahi kufanya tangu niolewe. Ndipo nikasikia ndoo.

Nikaenda nyuma.

Alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa nyuma wa mtambo, anavuta ndoo kwa kamba ya Mahari. Juu ya handaki lote mahindi yalikuwa yamesimama, yamenipita kimo, kijani yake imekolea hadi weusi.

"Tope limeshuka," akasema. "Mkono haufiki tena."

"Ulijua?"

"Ukitia ndoo mbili, zinatoka ndoo mbili. Ulidhani zinakwenda wapi?" Akamwagia shina moja, taratibu. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Niliogopa ukijua kwamba najua, utaacha."

Nilimkasirikia, sitaficha. Miezi minne shingo inaniuma kwa ndoo! Halafu nikakaa chini kwenye matope, nikalia, nikamshukuru Mungu kwamba kamba ile ilikuwa imelowa samadi.

Jioni hiyo moto ulizima ugali haujaiva. Bomba liliguguma mara moja, likanyamaza. Budeba alingoja. Hakutaja jina la ng'ombe yeyote. Kisha akainuka, akachukua shoka, akaitwaa na ile kamba.

Nikamshika shati.

"Naenda kuleta kuni," akasema. "Kamba ni ya kufungia mzigo."

Nikamwachia. Akapita katikati ya mahindi, yakajifunga nyuma yake. Nilikaa na sufuria ya ugali mbichi mapajani mpaka niliposikia shoka likigonga mti, na kila liliponyamaza, nilisimama.