Kiti cha Msindikizaji

Kwa muda mrefu kliniki ya kijiji chetu, kijiji cha wenyeji wa asili kaskazini mwa Australia, ilimtibu mama kwa panadoli. Mgongo ukiuma, panadoli. Mbavu zikiuma, panadoli, na uzee tu huo, Bi Dulcie, kapumzike. Walipokumbuka kumpima damu, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Angekuwa mzungu wa mjini Darwin angepimwa wiki ile ile, na nikisema hivyo naambiwa nina hasira. Ndiyo, ninayo.

Hata hivyo kitanda kilipatikana katika hospitali ya Darwin. Mgonjwa anaruhusiwa msindikizaji mmoja, wa kumshika mkono na kumtafsiria. Ofisi ya safari za wagonjwa ikamchagua Clifton, mume wangu, kwa kuwa anafanya kazi na askari wa hifadhi na Kiingereza chake kimenyooka. Nikawapigia simu.

"Clifton hawezi. Ni mkwe wake."

"Basi ni familia. Vizuri zaidi," akasema mwanamke wa ofisini.

"Dada, nisikilize. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Huyu akiingia dukani, yule anatokea mlango wa nyuma. Sasa daktari amuulize mama habari za choo chake, Clifton ndiye atafsiri? Niweke mimi!"

"Tiketi imeshatoka, mpenzi. Watazoeana."

Watazoeana! Tangu niolewe mama hajawahi kutamka jina la Clifton, na nyama akitaka kumpa huipitisha kwangu. Hiyo ndiyo heshima yao, na imewatosha.

Asubuhi ya safari ikaja ndege ndogo, imebakiza viti viwili, bega kwa bega. Mama alipoviona aligeuka, akaenda kuketi nyuma ya tangi la maji. Clifton alikuwa ameshajificha nyuma ya gari letu, kofia imemfunika uso. Nikamsihi rubani anichukue mimi. Akasema jina alilopewa si langu.

Tess, nesi wetu mgeni, alikuwa karibu kulia. "Panda, bibi, kitanda kitapotea!"

Mama hakugeuka. Ndege ikaondoka na viti vitupu, na Tess akapiga simu hospitali mbele yangu. "Mgonjwa amekataa matibabu," alisema.

Nikamnyang'anya ile simu. "Hajakataa! Mmemkatalia nyinyi!"

"Kitanda tunakishikilia mpaka leo jioni," sauti ikajibu. "Baada ya hapo anapewa mwingine."

Barabara ya Darwin ni vumbi na makorongo, na pale kwetu anayeiweza ni dereva mmoja tu. Huyo huyo Clifton. Mama akasema, "Leta mablanketi." Moja tulilitundika nyuma ya kiti cha dereva, na jingine akajifunika gubigubi, mimi nikiwa pembeni yake. Mama yangu, anayeheshimiwa na kila mtu, alisafiri kama mzigo wa magendo.

"Lorraine," akasema chini ya blanketi, "mwambie huyo dereva asiyafukuze mashimo, hayana nyama."

Clifton akanong'ona, "Mwambie abiria wako samahani."

Nikacheka. Kisha gurudumu likatumbukia, mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Clifton akasimamisha gari, akashuka, akaenda kwenye majani, akalia. Mama akaniambia, "Mwambie arudi. Jua linakwenda."

Jua lilikuwa halijazama tulipofika. Clifton alibaki kwenye maegesho. Picha za eksirei zikaonyesha mbavu mbili zimevunjika njiani. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Kwenye faili naona alikataa kuja. Muulize, kwa nini hataki matibabu?"

Nikamtafsiria mama. Alimtazama daktari usoni, polepole, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwambie nimeshinda kutwa chini ya blanketi, ndani ya gari la mtu ambaye sipaswi hata kuisikia pumzi yake, na mbavu zangu zinavunjika. Halafu muulize yeye, nani amekataa?"

Nilitafsiri kila neno, kwa sauti ya kusikika mpaka mapokezi.