Rima la Mwamvua

Kengele ya kanisa ilipolia huko bondeni, Mwamvua alikuwa ndani ya shimo, kichwa tu ndicho kilichobaki juu. Aliinua kikapu cha udongo, akakisukuma ukingoni, kisha akapanda ngazi ya fito aliyoifunga kwa kamba za mgomba, akaenda kuumwaga udongo korongoni usije ukaonekana. Akarudi, akashuka tena. Mgongo ulimuuma mpaka machozi yakamlengalenga, lakini hakuthubutu kupumzika. Ibada ikiisha, jirani zake Ruthi na mumewe wangepanda mlima kurudi nyumbani, na kufikia hapo shimo lilitakiwa liwe limekwisha kufunikwa.

Masika yalikuwa yameanza vizuri mwaka huo, vizuri kupita kiasi kwa mtu mwenye shamba kando ya msitu. Ndege dudumizi aliita mvua, na mvua ikaitika. Kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, hondohondo wakarudi kwenye mivule wakipiga kelele zao za kitoto, uyoga ukaota hata kwenye magogo ya jikoni. Kila kiumbe kilikuwa na njaa, na kila kiumbe kilikuwa na watoto wa kulisha. Nguruwe mwitu walishuka na watoto wao, wakalilima upya shamba la Mwamvua kwa pua zao, wakala mbegu ya mahindi hata kabla haijachipua. Akapanda tena. Wakarudi tena, wageni wasiojua kubisha hodi. Mbegu aliyoitia ardhini mara ya tatu ndiyo iliyokuwa ya mwisho, ile aliyokuwa ameitundika juu ya meko ikala moshi na masizi. Hiyo nayo ikiliwa, angekula kwa huruma za watu mpaka mwaka ugeuke. Mwamvua alikuwa mjane asiye na mtoto, na huruma za watu alikuwa akiziogopa kuliko njaa yenyewe.

Basi akapiga moyo konde, akaamua kuchimba rima. Rima ni shimo la kutegea nguruwe: pana juu, jembamba chini, refu kumpita mtu, linafunikwa kwa vijiti, nyasi na udongo kidogo mpaka mpita njia asilitambue. Huku milimani juu ya Maramba lina desturi yake, na desturi hiyo haina mzaha. Anayechimba lazima awaambie watu wote, nyumba kwa nyumba ikibidi. Lazima pia asimike vijiti vyenye fundo la majani makavu ya mgomba kila upande ambao mtu anaweza kujia. Mwamvua alikwenda kwa Shekhe Luqmani, naye akatangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Shekhe alimuuliza habari ya nyumba ya ng'ambo, kwa kuwa wale hawasali pale. Mwamvua akamjibu kwamba hao atawaambia mwenyewe.

Hakuwaambia. Nyumba ya ng'ambo ya kijito ilikuwa ya Ruthi na Tadeo, Walutheri, wajukuu wa vibarua waliokuja zamani kukata mkonge wakabaki. Ruthi alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Walikuwa wakiombana chumvi, wakigawana mbegu za kunde, na siku mmoja akiwa na safari mwenzake alimwangalizia shamba. Tadeo naye hakuwa mtu mbaya. Ila alifuga mbwa wa kuwindia, na nyama ya yule mnyama aliipenda. Mwamvua hakuwahi kumtaja nguruwe kwa jina lake. Akisema yule mnyama, basi imetosha.

Kulikuwa na kisa. Mwaka mmoja wakati wa masika, mbwa wa Tadeo walimkimbiza nguruwe mpaka kwenye jiko la Mwamvua, wakamuulia katikati ya mitungi ya maji. Tadeo alifurahi, akaomba radhi, akaondoka na windo lake. Mwamvua aliisugua mitungi kwa udongo, akaisuuza mara saba kama alivyofundishwa chuo cha Kurani, na bado moyo haukutulia, akaivunja yote. Lakini mitungi haikumuuma sana. Kilichomuuma ni wanawake wenzake, waliochekea kwenye kanga zao na kuulizana kama jirani alikumbuka kumletea fungu lake. Maneno yale yalimwingia hadi kwenye mifupa. Akaapa kuwa hayatasemwa tena juu yake. Safari hii yule mnyama akitumbukia angemfukia humo humo, mwenyewe, kimya kimya. Tadeo akijua tu, angekuja na mbwa na kisu.

Ndiyo maana alisimika vijiti upande wa chini peke yake, kwenye njia ya watu. Upande wa juu, unaotazamana na kwa Ruthi, aliuacha mtupu. Alijiambia kwamba huko hakuna apitaye, na kwamba kesho atamnong'oneza Ruthi wakiwa wawili tu. Kila kesho ikaja na sababu yake.

Siku ya hitima ya binamu yake kule Maramba, Mwamvua alivuka kijito mapema kwenda kuaga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alimkuta Ruthi amekaa mlangoni anachambua uyoga, na kabla hajafungua mdomo kuomba, Ruthi alikwisha kubali.

"Wewe nenda, shoga, ukamsomee ndugu yako. Nyani wakija nitawapigia debe."

Neno lilimfika Mwamvua kwenye ncha ya ulimi. Lakini Tadeo alikuwa pale pale, amechuchumaa, anawatupia mbwa ukoko wa ugali, na mbwa mmoja alianza kumnusa Mwamvua pindo la kanga. Akaivuta kanga yake, akaaga. Debe linasikika mbali, alijituliza njiani. Ruthi hana haja ya kuingia shambani.

Alijua kwamba anajidanganya. Nyani hawamwogopi mwanamke, na hakuna mwanamke wa milima hii asiyelijua hilo. Wakiona kanga wanatupa jicho tu, wanaendelea kutafuna, mpaka uwaendee na mawe hadi karibu kabisa. Akiwa kwenye mkeka wa hitima, wenzake wakiitikia dua, Mwamvua alimwona Ruthi kwa macho ya moyo wake akiteremka mbio na debe lake. Hakungoja pilau. Alichukua bodaboda mpaka barabara ilipokwishia, akaipanda njia iliyobaki kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

Alipotokeza kwenye kona ya shamba, aliwaona nyani kwanza. Walikuwa wamekaa mistarini kwa raha zao, waking'oa mche mmoja mmoja, wakila punje iliyo chini na kutupa majani. Jike mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Hakuna debe lililokuwa likilia. Hasira zilimpanda Mwamvua mpaka akaongea peke yake.

"Leo umenitupa, Ruthi."

Akaokota mawe, akawavamia kwa kelele. Nyani wakajivuta kuelekea msituni bila haraka yoyote. Ndipo alipoliona debe. Lilikuwa limelala upande wa juu, ubavu umebonyea, na hatua chache mbele yake vijiti vya rima vilikuwa vimevunjika na kuacha uwazi mweusi.

"Shoga, simama hapo hapo." Sauti ya Ruthi ilitoka chini, nyembamba. "Usije huku. Kuna watu wamekutegea shamba lako."

Mwamvua alisimama.

"Angalia unapokanyaga. Pengine wamechimba na jingine."

"Hakuna jingine," Mwamvua alisema.

Lilimtoka kabla hajalifikiri. Mwamvua alipiga magoti ukingoni akachungulia. Ruthi alikuwa amekaa kwa namna ambayo mtu hakai, kiuno kimepinda, maji ya mvua yamemfika kifuani, uso umejaa udongo. Alikuwa akimtazama. Hakuuliza amejuaje. Alimtazama mpaka Mwamvua akatamani ardhi imchukue na yeye, kisha akafumba macho, akasema kwamba miguu yake haisikii.

Mwamvua alipiga ukunga wa kuomba msaada, na ukunga huku hauulizwi ni wa nani. Watu walikuja kutoka pande zote, wanaume kwa majembe yao, Shekhe Luqmani akiwa na kanzu iliyokunjwa kiunoni, Tadeo akipasua maji ya kijito kwa mbio. Tadeo ndiye aliyeteremka shimoni. Walimpandisha mkewe kwa kamba na shuka, wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, na muda wote huo Ruthi hakulia, jambo lililowatia watu hofu zaidi kuliko kilio. Mvua ilianza tena. Tadeo alibaki ameinama, mikono miwili juu ya magoti ya mkewe, kama anayajaribu.

"Alikuwa analijua shimo hili?" aliuliza.

Mtu mmoja nyuma akajibu kwamba lilitangazwa.

"Lilitangazwa wapi?"

Kila mtu alilijua jibu. Shekhe Luqmani alimgeukia Mwamvua.

"Mimi sikumwambia," Mwamvua alisema.

Tadeo alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. Halafu akashika mguu wa kitanda, wanaume wengine wakashika yao, wakaanza kuteremka kuelekea barabarani. Mwamvua aliwafuata mpaka kijitoni. Hakuna aliyemwambia arudi, lakini pia hakuna aliyempisha nafasi ya kushika, akabaki amesimama ndani ya maji mpaka sauti zao zikapotea.

Alirudi akalifukia rima siku ile ile, kwa jembe na kwa mikono. Mahindi yaliyosalia hakuyatazama. Nyani walirudi kesho yake, nguruwe wakaja nyuma yao, na ile mbegu ya mwisho ikaisha mbele ya macho yake bila yeye kuinua hata jiwe. Wakati Ruthi akiwa amelazwa hospitali kule Tanga, Mwamvua alivuka kijito kila asubuhi akampalilia shamba lake. Alipalilia mahindi, akazipandishia kunde udongo, akafukuza nyani kwa mawe mpaka bega likamvimba. Siku moja Tadeo alipanda kutoka mjini kuja kuchukua nguo, akamkuta katikati ya mistari. Hakumfukuza. Alifunga mbwa wake kamba, akawapeleka kwa jirani mwingine, akaondoka.

Ruthi alirudishwa mvua zikiwa zinapungua. Madaktari walikuwa wamesema yao, na habari zilipanda mlima kabla ya mgonjwa mwenyewe: mfupa wa mgongo, na miguu basi tena. Mwamvua alikaa siku kadhaa akikosa ujasiri. Kisha asubuhi moja alimwona Tadeo akiteremka na gunia kwenda mashineni kusaga, akavuka.

Alipiga hodi. Alikaribishwa. Chumbani kulikuwa na giza na harufu ya dawa, na Ruthi alikuwa amelazwa ubavu, uso mlangoni, amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Mwamvua alitafuta pa kukaa, asipaone, akakaa chini sakafuni. Alimpa pole. Ruthi akaipokea. Aliuliza kama kunde zimeweka maua, Mwamvua akasema zimeweka. Nje kuku walikuwa wakiparura.

"Ulikuwa uniambie lini?" Ruthi aliuliza.

"Kila siku nilikuwa nikisema kesho."

"Kwa ajili ya nyama."

"Kwa ajili ya maneno ya watu."

Ruthi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyeambiwa jambo dogo. Machozi yalikuwa yakimtiririka Mwamvua na hakuyafuta, maana hakuona kama ana haki ya kujipangusa mbele ya mtu yule. Alitaka kuomba msamaha, na neno lenyewe lilikuwepo, lakini akaona likitoka litakuwa kama anaomba tena, baada ya yote aliyokwisha kuomba katika nyumba ile.

"Tadeo atachelewa mashineni," Ruthi alisema hatimaye. "Bega limekufa ganzi. Nigeuze."

Mwamvua aliinuka. Hakujua ashike wapi, na Ruthi akamwelekeza kwa sauti ya chini: mkono mmoja hapa, mwingine chini ya kiuno, miguu uilete yenyewe. Ilikuwa miepesi, na ya baridi. Aliigeuza polepole, akauweka mto, akalinyoosha shuka mgongoni.

Sasa Ruthi alikuwa ametazama ukuta. Mwamvua alisimama nyuma yake, mikono ikiwa bado hewani, akausikiliza mvuto wa pumzi yake, asijue kama alikuwa amelala.