Mlima wa Mkurugenzi

Jumanne asubuhi mchora ramani alikunjua karatasi iliyoletwa na meli ya upimaji, akaibana pembe zake kwa vikombe vya chai. Pale ambapo ramani ya zamani ilionyesha tambarare chini ya bahari, palikuwa na mlima. Kilele chake kilikuwa mita tatu tu chini ya maji, na juu yake vipimo vilionyesha watu kumi na mmoja wamesimama.

Aliwatia alama ndogo ndogo, kama za mawe.

Mlima ule aliujua. Miaka mitatu nyuma mumewe, nahodha, aliuona akauandikia ripoti. Mkurugenzi wa ofisi ya ramani akasema vyombo vya kupimia vya nahodha ni vibovu, mlima ufutwe, na mchora ramani akaufuta kwa mkono wake mwenyewe. Nahodha alirudi baharini kuupima upya ili aaminiwe. Akaita kwa redio: meli imepanda mwamba, maji yanaingia. Mkurugenzi alitazama ramani, akajibu kwamba hapo hakuna mwamba, nahodha amelewa. Mashua ya uokoaji haikutumwa, na nahodha akazama na mabaharia wake kumi.

Jumatano vipimo vipya viliwaonyesha wale watu katikati ya mteremko. Alhamisi walikuwa tambarare, wakielekea bandarini.

Mdogo wake nahodha, fundi kwenye meli ya upimaji, alipiga simu.

"Shemeji, wanatembea kwa mstari. Kaka yuko mbele."

"Ameshika nini?"

"Makaratasi."

Mchora ramani alikwenda kufunga dirisha, ingawa ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu.

Ijumaa mkurugenzi aliingia anachekacheka. "Mlima huu nimeuvumbua mimi. Andika jina langu, ramani inakwenda kuchapwa leo."

"Na ile ripoti, bosi? Bado inasema mume wangu alikuwa amelewa."

"Dada, faili likishafungwa limefungwa."

Ngazini zikasikika hatua za viatu vilivyolowa. Karani wa mapokezi aliwapa wale mabaharia namba kama wageni wengine, akawaomba wasikanyage zulia. Nahodha akaja moja kwa moja hadi mezani, maji ya chumvi yakimchuruzika viganjani. Mkewe alitaka kukimbia, akabaki ameshika kalamu.

"Habari za kazi, mke wangu?"

"Nzuri."

"Umeuona, basi."

"Nimeuona."

"Mlima unaitwaje?"

Mkurugenzi alikuwa nyuma yake, kidole kimeganda mahali pa kuandika. Mchora ramani akaandika jina la mkurugenzi, herufi moja baada ya nyingine, na mumewe akazisoma zote. Kisha nahodha alikagua kina, akasema kiko sawasawa, akamnyooshea mkurugenzi makaratasi yake ili faili lifunguliwe.

Mkurugenzi alitazama saa. "Njooni kesho."

Wakaja kesho yake, na kesho kutwa. Siku hizi hufika kabla mlango haujafunguliwa, wakakaa kwenye benchi la ukutani, na wafanyakazi huruka dimbwi bila kukatiza mazungumzo. Faili halijafunguliwa. Mchora ramani huwasalimia mmoja mmoja, mumewe akiwa wa mwisho, kisha huingia chumbani mwake na kujifungia kwa ufunguo.