Sipo, Mama

Mnataka kuupunguza mchezo wa Mzee Stambuli, eti umechakaa. Nimesikia. Mnasema mtunzi mwenyewe alikufa kabla Mdachi hajajenga boma Morogoro, sasa ya nini kushika maneno yake neno kwa neno? Haya, kaeni chini. Hata mimi nilikuwa na ulimi mrefu kama wenu, mpaka mwaka ule wa vita.

Mchezo mnaujua. Mama anatoka na bakuli, anamwita mwanawe aje kula. Anaita mara tatu. Jina halimo, Mzee Stambuli hakuliweka, kila anayecheza mama anatia analotaka. Mara ya tatu mtoto anajibu nyuma ya jamvi lililotundikwa kama pazia: "Sipo, mama. Kula wewe." Basi. Hapa Kinole tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinauma. Mtu hayupo, halafu anajibu! Tulidhani ni mvivu anakwepa jembe. Kila mwaka baada ya mavuno nyuma ya jamvi nilikaa mimi, kwa ajili ya sauti yangu hii ya kukwaruza.

Vita vya Wazungu vilipopamba moto, akida wa Mdachi, yaani Mjerumani, alipanda huku na askari, wakatufunga kamba shingoni, mimi na Mwinjuma, rafiki yangu niliyetiwa naye jandoni siku moja. Wakatubebesha masanduku ya risasi kwenda upande wa Kondoa. Ilikuwa masika. Mwinjuma akashikwa na tumbo la kuhara damu. Siku ya nne akaketi kando ya njia, asinyanyuke tena. Mimi nilirudi miezi miwili baadaye na mguu huu mbovu, maana kilema hawakuwa na kazi naye.

Wa kwanza kunipokea alikuwa Mwaisha, mama yake Mwinjuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Salehe. Mwenzio yuko wapi?"

Wallahi nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa nyuma yangu, kule njiani.

"Yuko nyuma, mama. Anakuja."

Toka siku ile Mwaisha akawa anapika, anapakua, anafunika. Hagusi. Nafaka yenyewe ilikuwa kidogo, Wajerumani walishazoa maghala. "Nitakula naye akija," anasema, na yeye anashindia mboga za majani. Asubuhi kile kiporo ananiletea mimi. "Wewe umetoka naye. Kula." Nami mpumbavu nakula, maana nikikataa ataniuliza kwa nini. Mama wa watu akakonda mpaka kaniki ikawa haikai kiunoni. Chausiku, mke wangu, alijua yote, akaniambia waziwazi: "Unamuua kwa ulimi wako." Nikamjibu hovyo, nikatoka. Yule mama nilimwogopa kuliko askari.

Mavuno yakapita, machache yaliyokuwepo, na wazee wakasema mchezo uchezwe vilevile. Ilikuwa alasiri, jua bado kali. Nikakaa nyuma ya jamvi. Chausiku ndiye angecheza mama, lakini kabla hajasimama nikasikia sauti nyingine: "Kaa, mwanangu. Leo mama ni mimi."

Nikachungulia kwenye tundu la jamvi. Mwaisha kasimama katikati ya uwanja. Siku zote bakuli la mchezo huwa tupu. Lake lilikuwa na ugali wa mtama, unafuka moshi.

"Mwinjuma!"

"Mwinjuma we! Chakula kinapoa!"

Nilifikiria kukimbia. Nilifikiria kubadili maneno, niseme "Naja, mama," kama nilivyomdanganya siku zote. Nani angenilaumu? Mchezo tu huu.

"Mwinjuma, baba, njoo ule na mama yako."

Maneno ya Mzee Stambuli yakanitoka. Sikuwa na mengine ya kweli.

"Sipo, mama." Sauti ikanikatika. "Kula wewe."

Hakuna aliyecheka. Mwaisha akalisogelea jamvi, akasimama upande wa pili, karibu hata nikamsikia anavyohema.

"Mlimzika?"

Hilo halimo kwenye mchezo.

"Askari hakutupa nafasi, mama. Nilimfunika majani. Nikamgeuza uso, akaelekea kibla."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo wakubwa walikuwa wakilisema kwa kunong'ona: Mzee Stambuli alikuwa na mtoto wa kiume aliyechukuliwa na msafara wa watumwa, na nyumbani kwake jina lile halikutajwa tena. Kumbe ndiyo maana hakuliweka jina. Na sisi, miaka yote, tunacheka. Aibu niliyoisikia siku ile sina namna ya kuwaeleza.

Nikangoja Mwaisha anilaani. Alikuwa na haki. Nikamwona anaketi palepale vumbini, mbele ya watu wote, anaweka bakuli mapajani. Akamega tonge. Alikuwa analia na kutafuna, analia na kutafuna, mpaka bakuli likaisha.